Mkunga wa Igogo na Furu Wake

Ukimwendea Mkunga na habari yoyote ile, hata ya nyumba kuwaka moto, alikwambia kwanza, "Kaa." Shikamoo yako aliipokea ukiwa umekwisha kukaa. Na sebuleni kwake kulikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, kiti cha mninga chenye mgongo mrefu, kilichoelekezwa kwenye tangi la samaki lililowekwa mbali na dirisha. Hukuwa na mahali pengine pa kutupia macho. Kwa hiyo watu wengi wa mtaa wetu wa Igogo, miaka ile, wanawake wenye mimba, waume zao, mama wakwe wenye malalamiko, walisema mambo yao mazito huku wakiwatazama furu.

Furu ni samaki wadogo wa ziwa letu, wa ukubwa wa kidole hadi kiganja. Siku hizo walikuwa wengi mno, hata watoto waliwavua kwa vipande vya chandarua katikati ya mawe. Hakuna aliyewahesabu kuwa samaki wa maana. Mkunga aliwaweka nyumbani, akawapa maji, mawe na majani, akawatazama kila siku kwa miaka yote niliyokaa karibu naye.

Ukoo wake siujui vizuri na sitajaribu kuueleza. Alikuwa Mhaya, Mlutheri wa benchi la mbele, mtumishi wa zahanati moja pale mjini, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa kama ya mpiga makasia. Kucha zake zilikuwa fupi na safi kuliko za mtu yeyote niliyemfahamu. Chai alikunywa bila sukari, hata wiki zile ambazo sukari ilipatikana. Mithali hakuzipenda. Mtu akianza, "Wahenga walisema," alimkatiza: "Wewe unasemaje?"

Mimi nilimzoea kwa sababu ya debe la maji.

Nilikuwa nimehamishiwa Mwanza kufundisha shule ya msingi, na mume wangu alikuwa amepata kazi ya ufundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tulipanga chumba uani, katika nyumba ileile aliyokaa Mkunga. Tulitoka Shinyanga, na huko Shinyanga tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, aliyeishi siku mbili. Hatukulizungumza jambo hilo. Mume wangu alilinyamazia kwa upande wake na mimi kwa upande wangu. Nilipogundua kwamba sebule ya jirani yetu hujaa wanawake wenye mimba kila jioni na kila Jumamosi, nikawa natoka na kuingia kwa mlango wa nyuma, nikipita kando ya bafu, ili nisiwaone.

Alijua. Katika nyumba za kupanga hakuna kisichojulikana. Lakini hakuja kunipa pole wala kuniombea. Jumamosi moja aliniita tu kwa sauti yake ya wodini:

"Mwalimu! Njoo unishikie mpira huu."

Nikaingia. Sikupata nafasi ya kufikiri. Alinikabidhi ncha ya mpira wa dripu uliokwisha kazi, akanielekeza niiweke ndani ya debe lililokuwa sakafuni. Ncha ya pili ilikuwa ndani ya tangi. Mpira wenyewe alikuwa ameujaza maji na kuuziba kwa kidole gumba. Alipokiondoa kidole, maji yakaanza kushuka yenyewe, yakavuta na taka zilizolala juu ya mchanga.

"Likijaa sema."

Lilipojaa nikasema, akaunyanyua mpira, yakakatika.

"Mbona unaacha mengine, Mama? Kama ni machafu si tuyatoe yote?"

"Si machafu," alisema. "Tangi lina madebe sita. Kila Jumamosi natoa moja, sitoi yote. Humo ndani, kwenye mchanga na kwenye mawe, kuna vijidudu vyema visivyoonekana, ndivyo vinavyokula uvundo wa samaki. Ukisafisha kupita kiasi umewafukuza wafanyakazi."

Akachukua debe jingine lililokuwa pembeni tangu Alhamisi, wazi, limefunikwa kwa kitambaa chepesi tu. Maji ya bomba yana dawa, alieleza, na dawa ile inayotuponya sisi inawaunguza wao. Lazima yalale siku mbili dawa itoke. Akayamimina polepole juu ya sahani iliyolala kwenye mchanga, ili yasichimbe shimo. Maji ya zamani tukamwagilia mchicha wake uani, mchicha ambao majani yake yalikuwa mapana kuliko ya mtu yeyote mtaani.

Nilipogeuka kuondoka ndipo nikaona wanawake wawili wenye matumbo makubwa wamekaa kwenye mkeka nyuma yangu. Walikuwapo muda wote. Tukasalimiana. Jumamosi iliyofuata nilikwenda bila kuitwa, kwa mlango wa mbele.

Alikuwa mtu wa utaratibu, lakini hakuupata kwenye kitabu. "Nimejifunza kwa kuua," alisema mara nyingi, bila haya. Wa kwanza aliwaua kwa maji ya bomba. Wa pili aliwapika, maana alikuwa ameweka tangi dirishani, jua la saa nane likalichemsha. "Na wa tatu niliwaua kwa upendo," alisema. Alikuwa akiwalisha kila walipokuja kioni, na furu huja kioni kila wakikuona, wameshiba wasishibe. Chakula kisicholiwa kilioza chini, maji yakawa kama ya kuoshea mchele, na asubuhi moja wote walikuwa wanaelea.

Tangu hapo aliwalisha mara moja kwa siku, alfajiri kabla ya kwenda kazini: dagaa waliotwangwa wakawa unga, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Kipimo chake kilikuwa Baba Yetu. Akishatia chakula alisali, na kama kulikuwa na punje iliyobaki alipofika kwenye Amina, kesho yake alipunguza. Jumapili hawakula kabisa. Mvua zikinyesha aliwaletea viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye makopo ya uani, na siku hizo furu walicheza ngoma.

Watu wa mtaani walimtazama kwa jicho la pembeni. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya unga na sabuni, na tuliambiwa kila siku, kwenye redio na kwenye mikutano, kwamba kila mtu awe mzalishaji. Sasa huyu mama anafuga samaki asiowala. Wengine walisema ni ubepari. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema samaki wale si samaki.

Ndipo akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya pama na baiskeli aliyoifuta vumbi kila aliposhuka. Nilikuwapo. Alibisha hodi, akaambiwa "Kaa," akakaa. Akavua kofia.

"Mama, nimetumwa na wananchi," alianza. "Wanauliza, hawa samaki ni wa nini?"

"Unamwona yule mwenye rangi ya bluu na mkia mwekundu?" alijibu Mkunga, akiendelea kukunja nepi.

"Namwona."

"Ndiye dume. Wengine wote wale wa kijivu ni majike. Sasa tazama pale kwenye jiwe la kushoto."

Balozi akatazama. Dume alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye homa, amekunjua mapezi yake yote, anamzunguka jike mmoja. Jike akamwacha akaenda zake. Dume akamfuata mwingine. Naye akamwacha. Balozi akacheka, kisha akakumbuka amekuja kikazi, akaziba mdomo kwa kofia.

"Na yule anayejificha chini ya jiwe?"

"Yule ni dume mdogo. Akitoka atapigwa. Ndiyo maana mawe ni mengi. Ukiweka madume wawili mahali peupe, kesho yake utabaki na mmoja."

"Kama nyumba ya mitara," alisema balozi, aliyekuwa na wake watatu.

"Hayo umesema wewe."

Alikaa pale mpaka chai ikaletwa, na ikanywewa, na kikombe kikapoa. Wananchi hawakutajwa tena. Wiki iliyofuata alipita tena, "kusalimia tu." Mwezi haukuisha, alikuwa akisimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema kwamba tangi la Mkunga ni elimu, na kwamba mwenye maneno ya uchawi aende akakae pale kwenye kiti nusu saa kwanza, ndipo aseme.

Ila alipoomba apewe samaki wawili, Mkunga alimnyima. "Una tangi?" Hakuwa nalo. Akaenda akawanunua kwa mvuvi, akawatia kwenye chupa kubwa ya peremende, wakafa siku ya pili. Akarudi na uso mrefu.

"Siwezi kukupa pole," alisema Mkunga. "Chupa haina pumzi. Jenga nyumba kwanza, ndipo uoe."

Nilimkumbusha kwamba hiyo ilikuwa mithali. Akanikazia macho. "Si mithali. Ni maelekezo."

Kuna jambo moja lililowachanganya wengi. Mkunga alipenda sana kula furu. Jioni akitoka zahanati alinunua fungu, akalikaanga mpaka likakauka, akalila na ndizi zake mbele ya tangi, miguu juu ya kigoda. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilishindwa kujizuia.

"Mama, huoni vibaya? Wenzao wanakutazama."

Akatafuna, akameza. "Wa sahani ni wa sahani, wa kioo ni wa kioo. Mimi nilipoanza kazi ya kuzalisha niliacha kwenda misibani?"

Sikuelewa alichomaanisha siku ile. Leo nadhani naelewa, lakini sina uhakika.

Jambo jingine: kwa furu alikuwa mpole kupita kiasi. Alitembea taratibu akikaribia kioo, alizungumza nao kwa Kihaya, kwa sauti ambayo sikuisikia akimpa binadamu. Kwa wanawake waliokuja kujifungua alikuwa simba. Aliwafokea. "Nani amekwambia upige kelele? Sukuma! Si sasa! Sasa!" Wapo waliomlalamikia, na nadhani walikuwa na haki. Lakini haohao walirudi kwake kwa mimba ya pili, na ya tatu.

Baada ya miezi kama minne ya Jumamosi zetu, alinipeleka sokoni akaninunulia puti ya kubandikia vioo, akaniambia, "Sasa tengeneza lako."

Mume wangu alichomelea fremu ya chuma cha pembe pale kiwandani, baada ya kazi, kwa ruhusa. Vioo vilitoka kwenye kabati la duka lililokwisha kufungwa. Tulivibandika kwa puti, tukaacha ikauke wiki mbili, na nje ya viungo tukapaka lami iliyoyeyushwa. Tulilijaza maji, likavuja. Tukapaka tena. Lilipojaa mara ya tatu bila kuvuja, nilitaka kwenda ziwani siku hiyohiyo.

"Limekaa juu ya nini?" aliuliza Mkunga.

"Meza."

Akaitikisa meza kwa mkono mmoja. "Madebe manne ya maji ni karibu uzito wa gunia. Meza hii itapiga magoti." Basi tukajenga nguzo mbili za matofali, tukalaza ubao mnene juu yake, na chini ya tangi tukatandika gunia lililokunjwa ili kioo kisiguse mbao tupu.

Mchanga niliuchota ufukweni, nikauosha kwa ndoo kumi na tatu za maji mpaka maji yakatoka meupe. Mawe niliyasugua kwa brashi bila sabuni. Majani ya majini alinipa yeye, baada ya kuyaweka kwenye ndoo yake wiki mbili na kuokota konokono mmoja mmoja kwa koleo, maana konokono wa ziwani, alisema, ndio nyumba ya kichocho, na yeye hakuwa na nia ya kuwatibu wageni wake mara mbili. Tukapanda majani, tukajaza maji yaliyolala. Likapendeza. Nikasema, sasa samaki.

"Watatu," alisema. "Wadogo. Wengine baada ya wiki sita."

"Wiki sita! Mama, tangi hili linatosha samaki kumi."

"Linawatosha. Maji ndiyo hayajakomaa. Wale vijidudu bado hawajahamia."

Wiki ya pili maji yalichafuka, yakawa ukungu mtupu. Nilikimbia kwake nikihema. Hata hakunyanyuka. "Usiguse. Usibadilishe yote. Punguza chakula, toa debe moja, subiri." Nilisubiri. Siku ya tisa niliamka nikakuta maji yameng'aa kama hayapo, na wale furu watatu wamening'inia katikati kama ndege. Nilimwita mume wangu. Tulisimama mbele ya kioo tukiwa na miswaki mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu Shinyanga tulichelewa kazini wote wawili.

Sasa ninafika mahali ambapo bado pananiuma kidogo. Furu wangu walikwisha kuwa tisa, na mmoja wao, jike wa kijivu, aliacha kula. Kidevu chake kilivimba. Nilimwita Mkunga nikijua ni ugonjwa. Aliinama, akatazama, akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Ana mayai mdomoni. Furu hatagi akaondoka. Anayabeba humo kinywani karibu wiki tatu, hali kitu. Yakishaanguliwa bado anawatunza; hatari ikija wanarudi ndani."

"Na baba yao?"

"Baba yao yule pale, anapigana na kivuli chake."

Nikawa namtazama jike yule asubuhi na jioni. Nilihesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango. Siku ya kumi na sita mume wangu alirudi mapema, akaona ukijani umeota kwenye mawe na kioo. Alikuwa anatafuta siku zote namna ya kunifurahisha asiyoweza kuisema kwa mdomo. Na ile wiki tulikuwa tumepata kipande cha sabuni ya mche baada ya kukikosa muda mrefu. Akatoa mawe yote, akayasugua kwa sabuni ile adimu mpaka yakawa kama mapya, akafuta na kioo kwa ndani, akayarudisha.

Nilipotoka shule, wote tisa walikuwa juu ya maji. Yule jike mdomo wake ulikuwa wazi.

Maneno niliyomwambia mume wangu hayakuwa ya samaki. Nilimwambia kila ninachokilea kinakufa. Nilimwambia hata kaburi la Shinyanga hakulililia. Alisimama pale, mikono bado inanuka sabuni, akasema, "Nililia kiwandani. Nyuma ya mashine, ili usinione." Kisha akakaa chini sakafuni, mwanamume mzima, akalia mbele yangu, na mimi nikakaa kando yake nikalia naye. Miaka miwili tulikuwa tumelibeba jambo lile kila mtu na kwake.

Ukuta wetu ulikuwa wa matofali mabichi. Mkunga alisikia yote. Jumapili baada ya kanisa alibisha hodi. Mimi hakunisemesha.

"Baba," alimwambia mume wangu, "sabuni haitoki kwenye jiwe kirahisi. Mawe haya tupa, katafute mengine. Mchanga, utupe. Kioo, suuza mara kumi. Utaanza upya wewe, tangu mwanzo. Huyu akae pembeni."

"Mimi, Mama? Mimi ndiye niliyewaua."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Mimi niliua matangi matatu. Wewe umeua moja."

Alilianza upya. Alisubiri wiki sita zote bila kunung'unika, fundi mitambo yule ambaye hakuwahi kuingojea hata chai ipoe. Jumamosi nilimsikia akiwaeleza wenzake wa kiwandani, kwa sauti ya mjuzi, kwamba maji lazima yakomae. Furu wa pili kubeba mayai katika nyumba yetu aliwaachia watoto ishirini na kitu, weusi kama punje za ulezi zilizoungua, na yeye ndiye aliyewaona kwanza. Alikuja kuniita shuleni. Alisimama dirishani mwa darasa langu, katikati ya somo la hesabu, akinionyesha kwa vidole: wametoka, wametoka.

Nilipopata mimba tena, nilikwenda sebuleni, nikakaa kwenye kile kiti, nikamwambia. Mkunga alisema, "Nilikwisha kuona," akaendelea kuandika. Miezi ile aliniangalia kama alivyowaangalia wengine wote. Lakini kuna kitu nilikuwa nimekijua kwa kukaa karibu naye, ambacho wanawake wengine hawakukijua. Mambo yakienda vizuri, alifoka. Yakienda vibaya, alinyamaza, sauti yake ikawa ile ya furu. Niliwahi kumsikia akiwa hivyo mara mbili kwa wengine, na mara zote mbili nilitoka nje nikaenda kusimama uani.

Siku yangu ilipofika, asubuhi ya mvua, uchungu uliponibana nilikuwa nasikiliza jambo moja tu.

"Mwalimu! Unafundisha watoto wa watu kuhesabu, wewe huwezi kuhesabu pumzi zako? Hesabu!"

Alifoka kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Saa sita na dakika chache akanyamaza, na mimi nikaacha kuhesabu. Kisha nikasikia mwingine akilia. Ni binti. Mkunga alikuwa amenyamaza kwa sababu alikuwa anafuta macho kwa kiwiko, mikono yake ikiwa na kazi.

"Mvuke wa maji ya moto," alisema, aliponiona ninamtazama.

Binti huyo alipofikisha miaka mitano tulihamishiwa Sengerema. Tangi tuliliacha shuleni kwangu, na mume wangu aliwaandikia walimu ukurasa mzima wa maelekezo, wenye neno SABUNI lililopigiwa mistari mitatu. Kwa Mkunga tulipita kila tulipokwenda mjini, kisha kila mwaka, kisha, kama ilivyo, tukawa tunatuma salamu tu.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, kivukoni Kigongo. Kivuko kilikuwa kimeharibika tangu asubuhi, na watu tulikuwa tumejaa ukingoni na kuku na magunia yetu. Nikaona mwanamke mrefu amekaa juu ya sanduku la bati, mgongo umenyooka, akimwambia mama mmoja kijana jinsi ya kumshika mtoto wake. Sauti ileile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa," alisema, kabla hajaniangalia. Kisha akaniangalia. "Mwalimu! Umenenepa. Vizuri."

Alikuwa amestaafu, anakwenda kukaa na mtoto wa dada yake ng'ambo ya pili. Niliuliza furu. Alisema aliwarudisha ziwani, pale penye mawe alipowatoa, akaliacha tangi kwa mwenye nyumba apandie maua. Hakusikitika. Alisema wavuvi sasa wanaleta sangara wakubwa kama milango, na fungu la furu analitafuta sokoni wiki nzima asilipate. Alisema hivyo, akatazama maji kidogo, akanyamaza. Nami nikaogopa kunyamaza kwake, kama zamani. Lakini mara akaanza kunihoji habari za binti yangu, anasoma darasa la ngapi, meno yamekaaje, na tukacheka mpaka kivuko kikapiga honi.

Tulipanda pamoja. Kilipoachana na ukingo na kuanza kutikisika, alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu hata ikauma. Nilipogeuka nikaona amefumba macho.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa maji." Alisema kama mtu anayetaja saa. "Nilikuja Mwanza kwa meli mara moja, ujana wangu. Nilifumba macho tangu Bukoba. Sijapanda chombo tena mpaka leo."

Nilimfahamu miaka yote ile, na nilidhani hakuna kinachohusu maji ambacho hakikumhusu. Mkono wake haukuniachia, mkono ule mkubwa uliompokea binti yangu.

"Usikae kimya," alisema. "Niambie unaona nini."

Nikaanza kumwambia. Nikasema kuna ndege mweusi juu ya nguzo, ameanika mabawa yote mawili. Kuna mtu amekuja na baiskeli, amembeba mbuzi nyuma, na mbuzi anakula kofia ya mtu aliyesimama mbele yake, na mwenye kofia hajajua. Akacheka macho yakiwa yamefumbwa. "Na maji?" akauliza. Nikasema maji ni ya kijani hapa kwenye kivuli cha kivuko, na kule mbali ni meupe, na katikati kuna mstari, upepo unausogeza. Kuna mtumbwi mmoja. Wamo watu wawili, mmoja anapiga kasia, mwingine anakomba maji kwa kibuyu. Mawe ya Busisi yanaonekana sasa. Yanakuja. Juu ya jiwe moja kuna wanawake wanafua, na nguo moja ni nyekundu.

"Endelea," alisema, na nikahisi vidole vyake vinalegea kidogo kidogo, na nikaendelea, sikuacha kitu, mpaka chuma cha kivuko kikagonga ukingo na watu wakaanza kusukumana kushuka.

Akafumbua macho. Akatazama ng'ambo tulikotoka, kisha maji, kisha wale wanawake juu ya jiwe, akiikagua ile nguo nyekundu kama kweli ipo.

"Unaona vizuri," aliniambia.

Kisha akashika ncha moja ya sanduku lake, mimi nikashika ya pili, tukalishusha pamoja.